Simu Juu ya Meza ya Kukatia

Meza ya Fundi pale Ngamiani, Tanga, ina urefu wa mtu mzima aliyelala. Mkasi una mahali pake, chaki ina mahali pake, futi ya kupimia inaning'inia shingoni mwa mwenyewe. Na kuna kitu cha nne, kimeegemezwa kwenye koni ya uzi mweusi ili kioo kimtazame anayekata: simu.

Ijumaa moja baada ya swala umeme ulikatika. Cherehani mbili za mota zikanyamaza, ikabaki ile ya kukanyaga. Tulikuwa watano. Fundi mwenyewe, Kijana, mtoto wa kaka yake, anayepeleka nguo kwa wateja kwa pikipiki na kusimamia kurasa za duka mtandaoni, Nesi, jirani na mteja wa miaka mingi, ametoka zamu ya usiku, Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu na sasa hukaa kibarazani hapo kila mchana, na mimi niliyefuata shati. Kahawa ilikuwapo. Mwalimu aliitazama ile simu ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, kisha akauliza swali lililotuweka pale mpaka alasiri.

MWALIMU: Fundi, niambie kweli. Hicho chombo ni mfanyakazi wako au ni tajiri wako?

FUNDI: Mfanyakazi, Mwalimu. Tena hachoki.

MWALIMU: Mfanyakazi huitwa. Huyu naona ndiye anayekuita wewe.

FUNDI: Basi ngoja nikuhadithie kazi aliyonifanyia. Zamani wateja wangu wote walikuwa wa barabara ya 8 mpaka ya 14, wanaopita mlangoni. Ramadhani kazi zinajaa mpaka nazikataa, Idi ikipita nakaa nahesabu vifungo. Leo nina wateja Muscat. Wa kwanza wala sikumtafuta. Binti wa mtaa huu aliolewa kule, akavaa gauni langu kwenye shughuli, wifi yake akauliza nani kashona, akapewa namba. Wifi akamwambia dada yake. Nguo zinakwenda na msafiri, pesa inaingia kwenye simu. Sijawahi kupanda ndege, lakini mashono yangu yamevuka bahari.

MWALIMU: Na vipimo? Mtu yuko Muscat, futi iko shingoni mwako.

Hapo Fundi aliinuka kutuonyesha. Humpigia mteja kwa video, akamwambia aweke simu juu ya kabati na asimame mbali kidogo. Futi lazima ishikwe na mtu mwingine. "Mtu akijipima kifua mwenyewe," alisema, huku akijizungushia futi ili tuone, "mikono inainuka, na mikono ikiinuka kifua si kile tena. Nguo itakuja kumbana siku ya shughuli." Kila kipimo hurudiwa mara mbili. Na hakubali kutumiwa vipimo kwa sauti iliyorekodiwa. Anataka viandikwe, kwa sababu vya kuandikwa atavitafuta akavipata, na sauti ya dakika nne atalazimika kuisikiliza upya kila akitaka kujua urefu wa mkono.

NESI: Mweleze na ile zambarau.

FUNDI: Ile ilinifunza. Nilipiga picha ya gauni la zambarau, Kijana akaiwekea kichujio ipendeze. Picha ikatoka bluu. Mteja akalipia bluu, akaletewa zambarau, na haki ilikuwa yake. Nililibeba gauni lile mimi. Tangu siku hiyo picha napiga saa tatu asubuhi, hapo mlangoni, jua likiwa upande wa pili wa barabara, nguo imetundikwa ubaoni. Hakuna kichujio. Mtu aone kitambaa anachokwenda kukishika.

KIJANA: Lakini shangazi, picha hizo za mlangoni hazivutii watu. Video ndiyo inayotembea. Mwalimu, mimi nilirekodi mkasi wa shangazi ukikata satini, nikaweka singeli, ikaangaliwa na watu maelfu. Wafuasi wakaongezeka siku ile ile.

FUNDI: Na ukaletewa oda ngapi, baba?

KIJANA: Walikomenti wengi.

FUNDI: Oda.

KIJANA: Haikuja.

FUNDI: Na stetasi yangu ya WhatsApp, inayoonwa na watu sitini tu, wiki ile ile ilileta kanzu tatu na sare ya shule.

Nilimsimamisha Fundi hapo, kwa kuwa ndipo lilipo jambo ninaloliamini na ambalo semina za biashara za mtandaoni hulipita mbio. Stetasi ya WhatsApp haimfikii kila mtu. Kwa kawaida huiona mtu mliyewekeana namba: wewe unayo yake, naye anayo yako. Baada ya saa 24 inafutika. Kwa anayetafuta umaarufu hicho ni chombo dhaifu. Kwa fundi wa mtaani ni kama kutundika nguo mlangoni, ila mlango wenyewe unafika mpaka Muscat. Wale sitini wanamjua, au wanamjua anayemjua. Wanajua akisema Alhamisi ni Alhamisi. Maelfu walioangalia mkasi ukikata satini waliupenda mkasi, wakaenda zao. Mtandao humlipa fundi pale unapopita njia ambayo watu walishaikanyaga kwa miguu: undugu, ujirani, harusi, jina jema. Asiye na njia hiyo ataitengeneza kwanza kwa kazi ya mikono, na hakuna wimbo wa singeli utakaomtengenezea.

Kijana hakuridhika, na alikuwa na hoja.

KIJANA: Mnausema mtandao kama soko tu. Kushona koseti nani kamfundisha shangazi? Si mtandao? Alikaa usiku kwenye YouTube na fundi wa Nigeria, anasimamisha video, anarudisha, anasimamisha, mpaka akajua pa kupitisha zile fimbo za plastiki. Hapa Tanga hakuna aliyekuwa anashona koseti ya ndani namna ile. Mimi mwenyewe kabureta nimejifunza huko. Kijana asiye na ada ya chuo ana chuo mfukoni.

MWALIMU: Hilo nakupa, mwanangu. Lakini umesema neno zuri: alisimamisha. Aliyesimamisha ni yeye. Tatizo langu ni pale mtu asiposimamisha.

Akatoa daftari mfukoni mwa kanzu. Mwalimu wa hesabu hastaafu. Jumatano ya wiki ile alikaa kibarazani kuanzia saa nne mpaka adhuhuri akipiga mstari kila Fundi alipoishika simu. Mistari 31. Akaweka duara kwenye ile ambayo Fundi alizungumza na mteja kweli. Miduara minne.

MWALIMU: Mara nne ulikuwa kazini. Mara ishirini na saba ulikuwa umeitwa. Na nilikuona ukifumua kola ile ya kijani mara mbili. Mara ya kwanza ulisema uzi mbovu.

Fundi hakujibu mara moja. Alipapasa kola ya kijani iliyokuwa bado imelala mezani, penye vitobo vidogo vya sindano ambavyo havitazibika.

FUNDI: Uzi haukuwa mbovu.

Niseme kitu hapa, maana si haki kumwachia Fundi mzigo wote. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Barua ina salamu za mwisho. Kurasa hizi za kusogeza kwa kidole zilitengenezwa zisiwe na mwisho, na njia hiyo ina mwenyewe: Aza Raskin, mbunifu Mmarekani, aliibuni mwaka 2006, na miaka ya baadaye akasema hadharani kwamba anajutia ilivyokuja kutumika. Kitufe cha kupenda kwenye Facebook kikafuata mwaka 2009, na kile kidoti chekundu cha kukuambia kuna kitu kipya kiko karibu kwenye kila programu. Mapato ya kampuni hizi yanatokana zaidi na matangazo, na tangazo linahitaji jicho lililobaki. Kwa hiyo Fundi akifungua simu kujibu swali la bei akajikuta dakika kumi baadaye anaangalia ugomvi wa wasanii wa Dar es Salaam, hakuingia huko kwa uzembe tu. Amevutwa na watu wanaolipwa mishahara mikubwa kwa kazi ya kumvuta. Ila kola ni yake. Mteja wa kola hamjui Raskin.

NESI: Mimi nina kisa cha bei. Mnajua kwa nini nashona hapa na siendi kwa wale wa mjini wenye kurasa zinazong'aa? Nikiuliza bei wananiandikia "njoo inbox".

KIJANA: Ndiyo biashara ilivyo, dada. Ukiweka bei hadharani, jirani anaishusha.

NESI: Ukinificha bei, mimi naelewa jambo moja: bei inategemea sura yangu kwenye profaili. Wewe mwenyewe ungenunua samaki sokoni Deep Sea kwa mtu anayekuambia njoo pembeni nikunong'oneze?

KIJANA: Pale tunapatana bei mbele ya watu.

NESI: Mbele ya watu. Ndilo ninalolisema.

Fundi aliunga mkono upande wa mteja, na nilishangaa, kwa kuwa kila muuzaji ninayemjua angemtetea Kijana. Picha zake zote zina bei ya ushonaji, siku za kungoja na kiasi cha kianzio, ambacho ni nusu. Anasema iliwapunguza waulizaji na kuwaongeza wanunuzi. Sina namba za kulithibitisha hilo. Niliona tu kwamba maswali yaliyokuwa yakiingia kwenye simu yake mchana ule yalikuwa ya vitambaa na tarehe, na hakuna hata moja lililouliza bei.

Kisha Nesi akaivunja hoja yangu, ile ya njia iliyokanyagwa. Jibu lake alikuwa amelishikilia kimya muda wote.

NESI: Ndugu mwandishi, umesema mtandao ni mzuri watu wakijuana. Sasa niambie fowadi za dawa zinatoka kwa nani. Kwa mgeni? Zinatoka kwa shangazi. Zinatoka kwa jirani, kwa rafiki wa msikitini au kanisani. Nimempokea mzee mwenye presha aliyeacha vidonge akanywa maji ya vitunguu saumu, kwa sababu ujumbe ulitoka kwa mtoto wake mwenyewe. Ungetoka kwa mtu asiyemjua angeucheka. Ukaribu ndio uliomlaza.

KIJANA: WhatsApp wenyewe waliligundua hilo. Tangu mwanzoni mwa 2019 huwezi kufowadi ujumbe kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mkupuo. Na Aprili 2020, wakati wa korona, ule uliozungushwa sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa mara. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umepita mikono mingi.

NESI: Mishale naijua. Yule mzee haijui. Aliona jina la mwanawe.

Sikuwa na jibu, na bado sina kamili. Ukaribu unaoliuza gauni la Fundi ndio huo huo unaoubeba uzushi. Anayekuamini hakukagui. Labda ndiyo sababu aliyeaminiwa ana deni kubwa kuliko mgeni: kabla ya kumrushia baba yake ujumbe wa dawa, mtoto anapaswa kuuliza anayejua. Tanga nzima kuna manesi ambao wangejibu bure. Kwa wizi wa pesa angalau tumeshapata desturi. Ukitumiwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaupeleka 15040, namba ya kuripotia utapeli, na kuendelea na shughuli zako. Wenye simu wengi wanaijua namba hiyo. Uzushi wa dawa hatujaupatia desturi ya namna hiyo.

FUNDI: Lakini shoga, kazini kwenu grupu linasaidia. Wewe mwenyewe ulinisimulia ile ya damu.

NESI: Linasaidia, sikatai. Mama anavuja damu usiku, anataka O hasi, ujumbe mmoja kwenye grupu la zamu na watu wametoka vitandani. Mabadilishano ya zamu yanafanyika humo. Mwenzako akichoka anasema. Ila grupu hilo hilo mtu anaweza kuweka picha ya mgonjwa, eti tujifunze kidonda. Uso unaonekana. Shuka lina jina la wodi. Watu arobaini wameipata, na kila mmoja ana mke au mume anayeshika simu yake.

Tanzania tuna sheria juu ya hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti. Kenya walitangulia na yao mwaka 2019. Nesi alisema kinachofanya kazi zamuni kwake ni msimamizi mmoja mwanamke anayeandika neno moja tu: "Futa." Halafu anapiga simu kuhakikisha.

Nilipokuwa nikiandika hilo kwenye karatasi nikaona niseme na langu, ingawa nilikuja kusikiliza. Mjomba wangu alifariki hospitalini alfajiri. Kwa desturi yetu habari hubebwa na mtu mzima. Anakwenda nyumbani, anakaa, anaomba maji, anamwita mwenye msiba pembeni. Siku ile mmoja wetu aliyekuwa wodini, kwa uchungu wala si kwa ubaya, aliandika "Innalillahi" na jina kwenye grupu la ukoo. Dakika ile ile pole zikaanza kumiminika. Mke wa mjomba alikuwa ndani ya daladala akitoka Muheza, chupa ya uji mapajani, anampelekea mumewe. Akaisoma humo, katikati ya abiria asiowajua. Kondakta ndiye aliyemshika. Uji ulifika Tanga ukiwa moto.

Mimi nilikuwa wa tatu kuandika pole. Sikujiuliza kama yeye ameambiwa.

Palikuwa kimya kidogo. Mwalimu alimimina kahawa bila kumuuliza mtu. Wakati ule walioandika "pole" walikuwa na nia njema wote, na sote tulijuana tangu utotoni. Tangu siku hiyo ukoo wetu una utaratibu: habari ya kifo haiingii kwenye grupu mpaka mtu aliyetajwa aseme wahusika wameonwa uso kwa uso. Michango ya msiba, hapo ndipo grupu linapotusaidia kweli. Mweka hazina huandika kila usiku nani ametoa nini, na matumizi ya mchele, jeneza na usafiri, na hajawahi kuulizwa swali la pembeni. Daftari lililoonwa na wote halina fitina. Chombo ni kile kile, watu ni wale wale, tulichobadilisha ni mpangilio: mguu kwanza, ujumbe baadaye.

MWALIMU: Sasa turudi kwa Fundi, maana swali langu halijajibiwa. Nimekuonyesha mistari 31. Utafanyaje?

FUNDI: Nitafanya nilivyofanya ule mwaka mtandao ulipozimika.

Alikuwa akiusema usiku wa Jumatatu tarehe 4 Oktoba 2021. Kwetu ilikuwa jioni, kama saa moja kasoro, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima kwa kosa la mafundi wa kampuni yenyewe wakiwa kwenye matengenezo. Zilirudi kiasi cha saa saba usiku. Fundi alikuwa na gauni la bibi harusi la kukata usiku ule, na picha ya mfano ilikuwa Instagram, haifunguki. Mteja alikuwa amesema jioni hiyo atamwandikia kama mikono iwe mirefu au ya robo tatu.

FUNDI: Nilikaa na kitambaa cha gharama mikononi. Namba yake ya kawaida sikuwa nayo, nilikuwa na ile ya WhatsApp ya ng'ambo, na salio la kupiga ng'ambo sina. Nikasema kumbe duka langu lote nimelipanga kwenye nyumba ya mtu, na leo kafunga. Asubuhi yake nilinunua daftari la kurasa mia mbili.

KIJANA: Na Mei mwaka 2024 nyaya za baharini zilipokatika, Seacom na EASSy, intaneti ikawa inasuasua siku kadhaa, sisi tulishona kama kawaida.

FUNDI: Kwa sababu ya daftari. Kila oda inaingia humu kabla sijagusa mkasi: vipimo, rangi, kianzio, namba mbili za simu. Lakini Mwalimu, muda sikuupangia daftari. Nimejisahau hapo. Hii WhatsApp ya biashara ina ujumbe wa kujijibu yenyewe, naujua na sijauwasha. Kijana, uandike: "Niko mezani nashona. Nitakujibu baada ya adhuhuri na baada ya magharibi."

KIJANA: Wateja wataondoka, shangazi. Wamezoea kujibiwa papo hapo.

FUNDI: Anayetaka kujibiwa papo hapo aje mlangoni.

KIJANA: Wa Muscat hawezi kuja mlangoni.

Hapo Kijana alishinda, na Fundi alikubali kwa kutikisa kichwa. Wakapatana kwamba simu itakaa kwa Kijana kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Akiona oda ya kweli au mteja wa ng'ambo, ataileta mezani. Ugomvi wa wasanii wa Dar es Salaam aumalize yeye mwenyewe. Mwalimu alisema Jumatano ijayo atakuja na daftari lake.

Umeme haukuwa umerudi bado. Simu iliita kwa video, Muscat. Mteja alikuwa amesimama mbali na kabati kama alivyofundishwa, wifi yake ameshika futi. Fundi alitafuta kalamu hakuipata, Mwalimu akavuta daftari la kurasa mia mbili akafungua ukurasa mpya kwa mwandiko wake wa ubaoni.

"Bega?"

"Kumi na tano na nusu."

"Rudia."

"Kumi na tano na nusu."

"Kifua?"

"Thelathini na nane." Wakarudia. Mwalimu akaandika.

"Kiuno?"

"Thelathini na mbili."

"Mkono?"

Picha iliganda, wifi akiwa ameinamia kifundo cha mkono, kisha ikakata. Kijana akapiga tena, haikuingia. Mwalimu alikwisha andika neno "Mkono" na nukta mbili mbele yake. Fundi akakitazama kitambaa cha maua kilichokunjuliwa mezani, akakikunja tena mara nne, akakirudisha kwenye mfuko wake, akaivuta kola ya kijani.